Chuma

Saa sita filimbi ya nyapara inalia
na wanawake wanashuka kutoka mistari ya chai,
vikapu vimening'inia kwa kamba kwenye paji la uso.
Etwari Bhumij anashuka wa mwisho.
Kila kichaka cha tatu anasimama, anajifanya kukaza kamba.
Namwona kutoka dirisha la zahanati:
hahesabu vichaka, anahesabu pumzi.

Jina lake ni Jumapili kwa lugha ya kwao,
lakini hapa Assam, msimu wa majani, hana Jumapili.
Huchuma kilo ishirini na nne kwa siku.
Huchuma tangu ana miaka kumi na mitatu,
majani mawili na chipukizi lake,
huchuma mvua ikinyesha, huchuma mimba ikiwa ya miezi minane,
na chuma hana.

Namchoma kidole. Tone linachelewa,
kisha linakuja, jepesi,
rangi ya maji yaliyosuuza nyama.
Mashine inafikiri. Sita nukta mbili.
Mimi nilitaka kumi na mbili.
Nusu yake ameiacha wapi?

Namhoji kama mtu aliyeibiwa.
Hedhi: siku tisa.
Watoto: wanne, wa pili alizikwa.
Kila mmoja alikuja na koleo lake, akamchimba,
akaondoka na akiba ya kuanzia maisha.
Viatu: hana. Alfajiri ni matope ya mfereji,
na ndani ya matope safura, mwembamba kuliko uzi,
hupenya wayo, hupanda mpaka mapafuni,
humezwa, hushika utumbo, hunyonya.
Hana haraka. Yeye hapigiwi filimbi.
Chakula: wali, viazi. Mboga siku ya mshahara.
Chai: ya rangi, ya chumvi, mara tano.

Hapo nikanyamaza.
Maana chai hukikamata chuma tumboni
kabla hakijaifikia damu, ikatoka nacho.
Nitamwambiaje mtu
kwamba anachokichuma kinamchuma?

Nyapara humwita mvivu. Mumewe naye.
Hawajausikia moyo wake nilivyousikia:
yeye amekaa kitini, wenyewe unakimbia,
mpagazi mmoja anayebeba hewa ya wapagazi wawili,
aenda arudi, aenda arudi, mwenzake hakuja kazini.
Kucha zimebonyea; tone la maji laweza kulala humo.
Kope ya chini, ukiishusha,
nyeupe kama ndani ya ganda la yai.

"Kuna jambo jingine," anasema, haniangalii.
Usiku anamega ukuta wa jiko.
Anakula udongo. Mtamu zaidi ukiloa.
Nikamwambia si uchawi, wala si aibu:
mwili ni kipofu, unapapasa ardhi
kwa kuwa umesikia chuma kinatoka humo.

Nampa vidonge. Choo kitakuwa cheusi, usiogope.
Hiki cha minyoo, tafuna hapa hapa nikuone.
Kamulia ndimu kwenye wali.
Chai iache kwanza, masaa mawili baada ya kula.
Akacheka, mara ya kwanza:
"Filimbi ni moja, dada. Kula, kukaa, kunywa,
vyote ndani ya nusu saa.
Hayo masaa mawili yanauzwa duka gani?"
Nikaandika daftarini: ameelekezwa.

Miezi minne: tisa nukta nane.
Hakuja na habari za nguvu.
Alisema tu moyo umeacha kumgongea mlango usiku,
na kwamba amekandika upya ukuta wa jiko,
udongo na samadi, laini kama shavu.

Jumatano nikapita kwake.
Ukuta ni mzima kweli.
Ila chini, kimo cha mtoto,
kuna alama ya vidole vitatu, mbichi,
na Sombari, aliyeitwa Jumatatu,
siku moja tu baada ya mama yake,
anajifuta mdomo upesi.